Dar hadi Jeddah: Saa nne na nusu ambazo hujaji hafundishwi

 

Ndugu msomaji, makala hii naianza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Morogoro, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kuwafundisha mahujaji watarajiwa kabla hawajaondoka. Nafundisha nguzo za Hijja, wajibu zake na sunna zake. Nachora Al-Kaaba ubaoni, nachora Safa na Marwa, nachora Mina, Arafa na Muzdalifa. Wazee wanaandika, wengine wanakariri talbiya mpaka inakaa ulimini.

Mwaka mmoja katika darasa hilo alikuwepo mzee mmoja kutoka Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Alikuwa mkulima wa ndizi na mdalasini. Fedha ya Hijja aliiweka kidogo kidogo kwa miaka mingi, mavuno baada ya mavuno. Aliporudi alikuja kunisalimia, akaniletea tende na maji ya Zamzam. Baada ya maongezi akaniambia kwa upole, "Ustadhi, mimi nimechinja damu kule."

Nikamuuliza, "Kwa kosa gani, babu?"

Akasema, "Nguo za Ihramu zilikuwa kwenye begi kubwa, na begi liliingia tumboni mwa ndege. Tuliambiwa tutavaa tukifika Jeddah. Tulipofika Jeddah tukaambiwa Miqaat tumeshaipita. Ustadhi, ulinifundisha Miqaat zote tano na nikazishika. Lakini hukuniambia kuwa ndege haisimami Miqaat."

Maneno yale yaliniingia. Ni kweli sikumwambia. Nilimfundisha Hijja kama vile angekwenda kwa ngamia. Nilimfundisha mwanzo wa safari, ambao ni nia, na mwisho wake, ambao ni Makka. Katikati niliruka. Na katikati pale ndipo alipotoa fedha ya mnyama ambayo hakuwa ameipangia.

Tangu siku ile nimekuwa nikifundisha somo moja zaidi: umbali na muda wa safari kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Jeddah, na hukumu za dini zinazokutana na msafiri humo njiani. Leo nalileta somo hilo kwenu.

Ni kilomita ngapi?

Swali hili mtu anaweza kulijibu kwa hesabu ya darasa la saba, bila kompyuta. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko kwenye latitudo ya digrii 6.9 kusini ya Ikweta. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz wa Jeddah uko digrii 21.7 kaskazini ya Ikweta. Sasa tazama longitudo. Dar ni digrii 39.2 mashariki. Jeddah pia ni digrii 39.2 mashariki! Maana yake ni kwamba viwanja hivi viwili viko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kusini-kaskazini. Jeddah iko juu ya Dar kama vile mtu angeweka rula kwenye ramani na kuchora mstari wima.

Basi jumlisha 6.9 na 21.7, unapata digrii 28.6. Kila digrii moja ya latitudo katika ukanda huu wa dunia ni kama kilomita 110.6. Zidisha, unapata takriban kilomita 3,160. Huo ndio umbali wa angani kwa mstari ulionyooka. Mstari huo unapita juu ya Kenya, unaingia Ethiopia karibu na Moyale, unapita si mbali na Addis Ababa, unaingia Eritrea karibu na Asmara, halafu unakata Bahari ya Shamu mpaka Jeddah.

Kwa mstari huo mmoja msafiri anapata faida tatu. Ya kwanza ni kwamba saa haibadilishwi. Tanzania na Saudi Arabia zinatumia saa moja, yaani saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Ya pili ni kwamba kutoka Dar es Salaam, Kibla ni kaskazini, kwa tofauti ya digrii kama moja tu kuelekea mashariki. Sisi wa Morogoro, ambao tuko magharibi kidogo ya Dar, tunageuka digrii kama nne mashariki ya kaskazini. Ndiyo maana anayeswali mjini Morogoro huwa ameipa Uluguru mgongo. Ya tatu tutaiona tukifika kwenye Swala ya angani.

Ni saa ngapi?

Ndege kubwa ya abiria ikishapanda juu huenda mwendo wa kilomita kama 850 kwa saa. Gawanya 3,160 kwa 850, unapata saa tatu na dakika 43. Lakini ndege haianzi na mwendo huo wala haimalizi nao. Kuna kutembea uwanjani, kuna kupanda, kuna kushuka, kuna kusubiri zamu ya kutua, na njia za angani nazo hazinyooki kama rula. Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja, iwe ya ratiba au ya kukodiwa kwa msimu wa Hijja, kwa kawaida huchukua kama saa nne na nusu.

Wazee wetu wa Pwani walipokwenda Hijja kwa jahazi walisubiri pepo za kusi ziwapeleke kaskazini, na kurudi walisubiri kaskazi. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza kuwa kutoka Zeila hadi Mogadishu peke yake alisafiri baharini siku 15. Leo mtu anakunywa chai ya usiku Dar na anafungua kinywa Jeddah. Hii ni neema kubwa, na kila neema ina wajibu wake. Aliyesafiri kwa jahazi alikuwa na majuma ya kujifunza njiani. Wewe una saa nne na nusu, na sehemu kubwa ya saa hizo utakuwa umesinzia.

Ndege inayozunguka

Si kila hujaji hupanda ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia nchi ya tatu kwa sababu ya nauli. Hapa umbali hubadilika, na hujaji ajue unabadilikaje.

Anayepitia Addis Ababa haongezi kitu. Dar hadi Addis ni kama kilomita 1,760 na Addis hadi Jeddah ni kama 1,410. Jumla ni 3,170, kwa sababu Addis iko karibu na mstari ule ule. Anayepitia Nairobi huenda kama kilomita 670, kisha kama 2,560, jumla 3,230. Naye hajazunguka. Lakini anayepitia Dubai huenda karibu kilomita 4,000 mpaka Dubai, kisha anarudi magharibi kilomita kama 1,700 mpaka Jeddah. Jumla ni 5,700, karibu mara mbili ya njia iliyonyooka, na Dubai saa hubadilika, mbele kwa saa moja. Juu ya hapo weka muda wa kusubiri ndege ya pili, ambao unaweza kuwa saa tatu au usiku mzima.

Sisemi kuwa kuzunguka ni haramu au ni makosa. Nauli nafuu kwa mzee wa Kinole inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kwenda na kutokwenda. Ninachosema ni kwamba anayezunguka anaingia Hijazi kwa mlango mwingine. Aliyetoka Dar moja kwa moja anatokea kusini, upande wa Yalamlam. Aliyetoka Dubai anatokea mashariki, upande wa Qarn al-Manazil. Miqaat yake si ile ya jirani yake aliyepanda ndege nyingine, japo wote ni wa Morogoro na msikiti wao ni mmoja.

Safari inaanzia wapi?

Tuje sasa kwenye hukumu. Allah (SW) ametupa ruhusa ya kupunguza Swala safarini, na asili yake iko katika Suratun-Nisaa aya ya 101. Swali ni lini hujaji wetu anaanza kuwa msafiri. Anapopanda ndege? Anapofika uwanjani?

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika nchi yetu, wamesema safari ya kupunguza Swala ni marhala mbili, na wengi wa zama hizi wanazikadiria kati ya kilomita 80 na 90. Marhala ni mwendo wa siku moja wa ngamia waliobeba mizigo. Yaani mafakihi walipima umbali kwa muda. Watu wa milimani wanalielewa hili haraka kuliko sisi wa mjini. Mzee wa Kinole ukimuuliza kijiji fulani kiko mbali kiasi gani, hakutajii kilomita. Atakuambia ukitoka baada ya Alfajiri, Adhuhuri itakukuta umefika.

Msafiri huanza kupunguza akishatoka katika majengo ya mji wake. Morogoro hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 190. Kwa hiyo hujaji wa Morogoro ni msafiri tangu alipouacha mji wa Morogoro. Hahitaji kungoja ndege.

Hapa vijana huuliza swali zuri. Reli ya kwanza kutoka Dar ilifika Morogoro mwaka 1907, na kwa basi watu wamezoea kutumia saa tatu, nne au zaidi. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, inatumia chini ya saa mbili. Je, kwa kuwa muda umekuwa mfupi, safari imefutika? Jibu ni hapana. Mafakihi wa Kishafii wameshalizungumza hili zamani, kabla ya treni na ndege. Wamesema anayeukata umbali ule kwa muda mfupi sana bado ni msafiri, kwa sababu hukumu imefungwa na umbali. Muda ulikuwa kipimo cha kuujua umbali, haukuwa sharti lenyewe.

Sasa tazama jambo linalowashangaza wengi. Uwanja wa Julius Nyerere uko ndani ya jiji la Dar es Salaam, majengo yameuzunguka. Wamekaa mahujaji wawili kwenye benchi moja wakingoja ndege. Mmoja ametoka Morogoro, mwingine nyumba yake iko Ilala. Imeingia Isha. Wa Morogoro anaswali rakaa mbili, kwa sababu yuko safarini. Wa Ilala anaswali rakaa nne, kwa sababu hajatoka katika mji wake. Ndege ni moja na safari ni moja, lakini hukumu ni mbili. Kiongozi wa msafara akiwaswalisha wote bila kuwaeleza, mmoja wao atakosea.

Na kama hujaji wa Morogoro atatangulia Dar akakusudia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, basi kwa Mashafii huyo naye ameshakuwa mkazi wa muda. Ataswali kamili mpaka atakapoondoka.

Swala ya angani

Baadhi ya mahujaji hudhani kuwa ndani ya ndege hakuna Swala, watalipa wakifika. Hilo si sahihi. Swala ina wakati wake, na wakati haungoji ndege itue. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, mwanzoni au mwishoni. Kwa safari ya saa nne na nusu, mtu akipanga vizuri Swala hizo nne zinaweza zote kuswaliwa ardhini. Swala inayobaki ni Alfajiri. Hiyo haikusanywi na nyingine yoyote.

Chukua mfano wa ndege inayoondoka Dar saa tisa usiku. Ongeza saa nne na nusu, inatua saa moja na nusu asubuhi. Alfajiri yote imepita angani. Anayesema "nitaswali Jeddah" atashuka jua likiwa juu.

Tena kuna mtego. Tumesema Dar na Jeddah zina saa moja. Hiyo haina maana kuwa jua huchomoza wakati mmoja. Mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini mwa dunia. Dar huchomoza saa 12 na nusu hivi, lakini Jeddah huchomoza saa 11 na dakika 40 hivi, karibu dakika 50 mapema. Desemba mambo hugeuka, Dar hutangulia. Hijja ya mwaka 2025 siku ya Arafa ilikuwa tarehe 5 Juni, na kila mwaka Hijja husogea nyuma siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo hujaji wa majira hayo anayeruka kwenda kaskazini, Alfajiri yake huja mapema kuliko alivyozoea nyumbani.

Na urefu wa ndege nao una hesabu yake. Aliye juu huliona jua kabla ya aliye chini, na huliona likizama baada yake. Mtu akisimama Bondwa, kwenye minara ile juu ya mji wa Morogoro, mahali palipo wazi kuelekea magharibi, ataliona jua kwa dakika kama tano baada ya watu wa tambarare kuliona limezama. Ndege iko juu kilomita kama 11. Huko tofauti huzidi dakika kumi. Kwa hiyo ndege ile iliyoondoka saa tisa usiku mwezi Juni, kabla ya saa 12 kamili jua litakuwa limeshaonekana dirishani. Anayefuata mazoea ya Kinole atakuwa bado anasema "muda upo". Na anayefunga angani hafuturu kwa saa ya mji ulio chini yake. Anafuturu kwa jua analoliona yeye limezama.

Ataswali vipi? Akiweza kusimama, kurukuu na kusujudu, kama sehemu ipo na wahudumu wameruhusu, atafanya hivyo. Akizuiwa, ataswali kadiri ya uwezo wake, na wako wanazuoni wanaomtaka airudie akitua, kwa tahadhari. Udhu auchukue kabla ya kupanda. Choo cha ndege ni kidogo, na mahujaji mia mbili hawawezi kutawadha humo kwa nusu saa.

Na Kibla? Hapa ndipo ilipo ile faida ya tatu. Kwa kuwa ndege ya moja kwa moja inakwenda kaskazini kwenye mstari ule ule, Kibla kiko mbele ya ndege, upande wa rubani. Aliyekaa kitini kwake tayari ameelekea Kibla. Lakini wakati wa kurudi, Kibla kiko mkiani. Aliyekaa kitini kwake amekipa mgongo! Huyo lazima ainuke atafute nafasi ya kugeuka. Anayekwenda Dubai naye, Kibla chake huanzia mbele kushoto, na kadiri ndege inavyopanda kaskazini-mashariki kinazidi kuhamia kushoto. Mambo haya hayahitaji dira. Yanahitaji mtu awe ameitazama ramani nyumbani.

Miqaat haina kituo

Sasa turudi kwa mzee wetu. Mtume (SAW) aliweka Miqaat za mahali: Dhul-Hulayfa kwa watu wa Madina, Juhfa kwa watu wa Sham, Qarn al-Manazil kwa watu wa Najd, na Yalamlam kwa watu wa Yemen. Ya tano ni Dhat Irq kwa watu wa Iraq. Akabainisha kuwa ni za watu hao na za kila atakayepitia huko kwa nia ya Hijja au Umra. Baraza la Fikihi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilithibitisha kuwa hukumu hii inamhusu pia anayepita juu yake au usawa wake kwa ndege. Wako wanazuoni wachache wa zama hizi walioona kuwa Jeddah inatosha kuwa Miqaat kwa wanaokuja kwa ndege. Tunawaheshimu, lakini wengi hawakubali, na mwenye kutaka salama ya ibada yake atafuata lililo na tahadhari.

Sasa piga hesabu. Kilomita 850 kwa saa ni kilomita 14 kwa dakika moja. Ukisinzia robo saa, umepita zaidi ya kilomita 200. Kwa mstari ulionyooka, ndege ikishaiacha pwani ya Eritrea inabakiwa na kilomita kama 650 za bahari, sawa na robo tatu ya saa. Yalamlam iko kama kilomita 100 kusini ya Makka. Kutoka usawa wake hadi uwanja wa Jeddah ni kama kilomita 130. Ndege ikishaanza kupunguza mwendo, hiyo ni kama robo saa. Katika robo saa hiyo abiria wameshafungwa mikanda, vyoo vimefungwa, na hakuna ruhusa ya kusimama. Nani atavaa Ihramu hapo?

Kwa hiyo utaratibu salama ni huu. Mwanamume aoge na avae nguo za Ihramu nyumbani, hotelini au uwanjani Dar. Mwanamke avae nguo zake za stara, hana vazi maalumu. Kuvaa peke yake si kuhirimia. Kuhirimia ni nia. Tangazo la Miqaat likitolewa, au kiongozi wa msafara akitoa ishara, hapo atanuia na kuanza talbiya. Anayeogopa kusinzia anaruhusiwa kunuia kabla. Kunuia mapema kidogo kunaswihi, kupitwa kuna gharama.

Na kama begi limeingia tumboni mwa ndege kama la mzee wetu? Hapa ndipo elimu ndogo ingemwokoa. Anuie pale pale kitini. Mtume (SAW) alimruhusu asiyepata kikoi cha Ihramu avae suruali. Basi atavua shati na kofia, atabaki na suruali, mabegani atajitupia shuka au kanzu bila kuivaa, na akitua atabadilisha mara tu atakapopata nguo zake. Angefanya hivyo, Miqaat asingeipita bila Ihramu. Lakini aliyeipita bila nia, ama arudi Miqaat akahirimie, ama ahirimie alipo na achinje. Mzee alichinja, kwa sababu msafara haukuwa na nafasi ya kurudi.

Wale wanaoanzia Madina hukumu yao ni nyingine. Hawahirimii angani. Watakaa Madina kwa nguo zao za kawaida, na watahirimia Dhul-Hulayfa, panapojulikana leo kama Abyar Ali, wakielekea Makka. Nimesikia wazee waliosafiri wamevaa Ihramu hadi Madina, wakakaa nayo siku kadhaa kwa taabu, kwa sababu tu hawakuuliza ndege inatua wapi kwanza.

Maswali manne kabla ya kulipa

Ndugu zangu, hujaji akienda kulipia safari huuliza bei, huuliza hoteli iko umbali gani na Haram, huuliza chakula. Ni haki yake. Lakini namwomba aongeze maswali manne.

Kwanza, ndege inakwenda moja kwa moja au inapitia wapi? Hapo utajua unaingia Hijazi kwa mlango gani.

Pili, inaondoka saa ngapi na inatua saa ngapi? Ziandike saa hizo mbili, kisha weka vipindi vya Swala katikati yake. Utaona mwenyewe ni Swala ipi itakukuta angani.

Tatu, inatua Jeddah au Madina kwanza? Hapo utajua Miqaat yako.

Nne, nguo za Ihramu zitakuwa begi gani? Jibu sahihi ni moja tu: begi dogo la mkononi, chini ya miguu yako.

Na viongozi wa misafara, mashekhe zangu na ndugu zangu, msiache jambo hili kwa rubani. Si kila shirika la ndege hutangaza Miqaat, na linapotangaza si kila mzee anaelewa Kiarabu au Kiingereza. Mmoja wenu akae macho na saa mkononi. Saa tatu na nusu baada ya ndege kuruka, apite kwenye viti kuwaamsha wazee kwa Kiswahili, na wale wa kwetu kwa Kiluguru ikibidi.

Mwaka uliofuata nilimwomba mzee wa Kinole aje darasani awaeleze wenzake. Alikuja. Alishika kipande cha chaki, akachora mstari mmoja wima ubaoni. Chini akaandika Dar, juu akaandika Jeddah. Karibu na juu, akaweka alama ndogo. Akawaambia, "Hapa ndipo mimi nilipokuwa nimelala." Wazee walicheka, kisha wakanyamaza, kisha kila mmoja akauchora mstari ule kwenye daftari lake.

Somo hilo dakika tano zilitosha. Mimi sikulitoa kwa miaka kadhaa. Namwomba Allah (SW) anisamehe, amkubalie mzee wetu Hijja yake na damu aliyochinja, na awafikishe salama wote walionuia.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.